Bwana yako ni retrete wa jeshi la Marekani na munaishi Lubumbashi? Namna ya kupata asiranse ya matunzo, yake na yako

Jambo zenu. Niko na sekretaria ndogo huku komine ya Kenya, mashini mbili, fotokopi, skana, plastifie, na jenereta ya kuokoa siku wakati SNEL inakata moto. Buti ya jeshi sijavaa hata siku moja. Lakini tangu baba mudogo arudie Lubumbashi na retrete yake ya jeshi la Marekani, mimi njo minapanga makaratasi yote ya matunzo, yake na ya mama mudogo, na sasa batu benye kuwa na bwana ao baba wa namna ile banakuja kwangu, benye kutoka Golf, benye kutoka Kampemba, hata mama mumoja alitoka Likasi na faktire za miaka mbili ndani ya mufuko ya sukari. Basi minaandika mara moja, musome polepole, kisha mukuje na maulizo yenye itabakia.

Mujue kitu kimoja mbele ya yote. Asiranse yenyewe inaitwa TRICARE, njo asiranse ya matunzo ya jeshi la Marekani. Mimi sijaona mutu mwenye TRICARE ilimukatalia juu ugonjwa yake ilikuwa kubwa. Benye nimeona kukataliwa, ilikuwa juu ya karatasi. Akti ya ndoa haiko, faktire haisemi kitu, resi haina kashe. Njo maana minaandika zaidi juu ya karatasi kuliko juu ya dawa.

Hatua ya 1: Uliza bwana kama yeye ni retrete ao ni veterani

Haya mambo mbili batu banachanganya kabisa, na wengine banabishana mbele yangu nusu saa. Veterani ni mutu mwenye alitumika jeshi akatoka. Retrete wa jeshi ni ule mwenye alitumika miaka 20 ao zaidi akapewa pansyoni, ao mwenye jeshi yenyewe ilimupa retrete juu ya ugonjwa ao kilema. TRICARE ni ya retrete na jamaa yake. Kama bwana alifanya miaka 4 akaenda kuendesha kamyo kule Texas, hana TRICARE, na wewe hauna.

Huyo aangalie VA, njo biro ya serikali ya Marekani ya maveterani, ile ni nyumba ingine kabisa. VA iko na Foreign Medical Program yenye kulipa matunzo inje ya Marekani, lakini inalipa paka ugonjwa yenye ilitokana na kazi ya jeshi, na inalipa ya bwana tu. Bibi anaweza kuingia kwa ingine, inaitwa CHAMPVA, kama VA imehesabu bwana kuwa na kilema kamili na ya kudumu, na kama bibi huyo hana haki ya TRICARE.

Kama alikuwa wa reserve, njo askari ba akiba, hesabu inabadilika: kwa kawaida anangojea miaka 60 ndipo TRICARE ya retrete inaanza, mbele ya pale kuna TRICARE Retired Reserve na ile analipa bei nzima yeye mwenyewe, haiko rahisi.

Hatua ya 2: Akti ya ndoa ya komine

Hapa njo batu ba kwetu banaangukaka. Mali ilitolewa, mbuzi ililetwa, bamama baliimba, jamaa mbili zote zinajua wewe ni bibi ya fulani, na picha ziko. Kwa Marekani ile yote ni picha muzuri tu. Wanataka karatasi ya serikali. Na hata sheria yetu wenyewe, Kode ya Jamaa ya 1987 yenye ilirudiliwa 2016, inasema ndoa ya kimila iandikishwe kwa ofisa wa eta sivile. Mufanye ile. Muende komine, muandikishe, mutoke na akti yenye kashe na namba, na muangalie majina mbele ya kutoka biro. Minasema muangalie herufi kwa herufi! Mama mudogo aliandikwa na jina moja kwa pasiporti na ingine kwa akti, tofauti ni “u” moja tu, na ile “u” ilitupeleka tribinali ya kurekebisha akti, miezi ine.

Kisha mutafute mutu wa kutafsiri mwenye kutambulikana, atie akti kwa kiingereza, aweke sinyatire na kashe. Hivyo hivyo akti ya kuzaliwa ya bibi na ya batoto. Kama bwana alioaga mbele, muongeze karatasi ya kuachana ao ya kifo ya bibi wa kwanza. Na bibi ni mumoja tu. Wale benye kuwa na ofisi ya pili kule Kasumbalesa, TRICARE haijui ile ofisi.

Hatua ya 3: Jina yako iingie ndani ya DEERS

DEERS ni buku kubwa ya jeshi la Marekani yenye kuandika nani ana haki. Kama jina yako haiko mule, unaweza kuwa bibi yake tangu miaka 30 na hawakujui. Mwenye kukuandikisha ni bwana mwenyewe, fomulere ni DD 1172-2, anaipeleka na akti ya ndoa, akti yako ya kuzaliwa, na kitambulisho chako chenye picha, kwa biro yenye kutoa vitambulisho vya jeshi. Biro ile iko ndani ya makambi ya jeshi la Marekani, Lubumbashi haiko, kwa hiyo wengi banapangia siku bwana anasafiri kule. Akienda bila makaratasi yako, amekula tikiti bure. Mupatie yote, ya kweli yenyewe pamoja na fotokopi, hapana fotokopi peke.

Bamama bananiuliza kila mara: mimi sina namba ya social security, ile namba serikali ya Marekani inapatia batu bake, bataniandika? Ndiyo, bataandika, bibi mugeni wanamupatia namba ingine. Kitambulisho cha picha kinataka wewe mwenyewe ufike, lakini hata kama haujafika bado, ukishaandikwa ndani ya DEERS na kujiandikisha kwa asiranse yenyewe (hatua ya 4), faktire zako zinaweza kulipwa.

Batoto banaingia mupaka miaka 21, ao mupaka 23 kama banasoma iniversite siku zote na baba njo mwenye kubalipia sehemu kubwa ya maisha. Mutoto wa kulea mwenye tribinali ilitoa hukumu ya adopsyo anaingia pia. Mama muzazi ya bwana, ndugu zake, batoto ba ndugu benye kulala salon, hapana. Ninajua kwetu jamaa ni batu 15, nimeshaelezea ile kwa kiswahili, kwa kifaransa, kwa mikono, na baba mudogo bado ananiletea ordonansi za dada yake.

Hatua ya 4: Jiandikishe, haijiandiki yenyewe

Zamani retrete alikuwa anakaa tu na TRICARE inamufuata. Sasa hapana. Mwenye kuishi inje ya Marekani na hajafika miaka 65 anachukua TRICARE Select Overseas. Ile ingine, TRICARE Prime ya inje, ni ya askari benye bado kazini na jamaa zao, kwa retrete haiko, musipoteze muda. Muko na siku 90 tangu siku ya retrete ya kujiandikisha. Ndoa pia inafungua siku 90, na kuzaa pia. Ukipitisha, unangojea msimu wa kila mwaka, Novemba kuingia Desemba, na katikati ya pale ukigonjwa ni mufuko wako.

Tangu 2021 retrete analipa haki ya kuwa ndani ya Select: mwaka ule ilianza na dola 150 kwa mutu mumoja na 300 kwa jamaa, kwa wale benye kuingia jeshi mbele ya 1 Januari 2018, na kila mwaka inapanda kidogo. Njia ya salama ni wakate moja kwa moja kwa pansyoni. Baba mudogo alikuwa analipia na karte ya benki, karte ikaisha muda, hakuona imeli, na tukajua kama walitolewa ndani ya asiranse siku mama mudogo aliingia opitali. Sitasema zaidi juu ananisoma.

Hatua ya 5: Miaka 65, ile hesabu yenye inaleta vita ndani ya nyumba

Mutu akifika 65 anatoka Select na anaingia TRICARE For Life, yenye ilianza 1 Oktoba 2001. Ili uingie, unapashwa kuwa na Medicare, njo asiranse ya serikali ya Marekani ya wazee, sehemu zake mbili: A ya opitali na B ya madokta. A ni bure kama mutu alitumika na kulipa kodi miaka 10 kule. B analipa kila mwezi, mwaka 2025 ilikuwa dola 185.

Sasa sikia ulizo ya baba mudogo, na ni ulizo ya akili: “Medicare hailipi hata franga moja inje ya Marekani, sasa mimi mwenye kuishi Lubumbashi nilipe 185 kila mwezi juu ya nini?” Jibu ni kama bila B, TRICARE yote inazimika, hata hapa, hata kama Medicare haitalipa opitali moja ya Lubumbashi mupaka unakufa. Unalipa B ili mulango wa TRICARE For Life ubakie wazi. Alikasirika siku tatu. Mimi nilimuonyesha hesabu: opereshoni moja ya moyo Afrika ya Kusini inakula B za miaka mingi, kisha akatia sinyatire.

Na usingojee. Muda wa kwanza wa kujiandikisha ni miezi 7: 3 mbele ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na 3 nyuma. Ufanye ndani ya ile 3 ya mbele, juu ukichelewa unabakia na tundu bila asiranse. Ukipitisha yote unangojea kati ya 1 Januari na 31 Marchi, na wanakuongezea asilimia 10 kwa kila miezi 12 uliyochelewa, na ile nyongeza inakaa kwa B yako siku zote. Mwenye alichelewa miaka 3 analipa 30 juu ya kila 100. Nimeona mumoja.

Kila mutu ana miaka yake. Baba mudogo iko kwa For Life, mama mudogo bado kijana, iko kwa Select, hivi nyumba moja asiranse mbili, na kila mumoja ana faile yake yenye rangi yake kwa sekretaria yangu. Wakati mama mudogo atafika 65 ataomba Medicare kwa jina ya kazi ya bwana yake. Bibi mwenye Social Security, njo biro ya Marekani yenye kuandikisha batu kwa Medicare, inamujibu kama hana haki ya ile A ya bure, achukue barua yao ya kukatalia, aipeleke kwa DEERS, anabakia na Select. Ile barua ya “hapana” ni mali, wengi banaitupaka.

Hatua ya 6: Siku ya opitali

Huku hakuna opitali yenye kukuona tu na kusema pita mama, TRICARE italipa. Unalipa wewe kwanza, pesa cash, kisha unarudishiwa. Kwa hiyo wekeni dola pembeni. Minaona hapa njo sehemu yenye kuumiza zaidi, juu batu banasikia neno asiranse na banafikiri mufuko wazi.

Mbele ya kutoka kwa kese, usimame pale mupaka upate haya:

faktire yenye kuonyesha kitu kimoja kimoja, konsiltasyo bei gani, laboratware bei gani, radio bei gani, kitanda siku ngapi, na tarehe ya kila kimoja. Jina yako sawa na kwa DEERS. Jina na adresi ya opitali na ya dokta. Ugonjwa yenyewe iandikwe, na herufi zenye mutu anaweza kusoma. Resi ya kulipa, na kashe, na sinyatire.

Mwaka wa kwanza kliniki moja ya mujini ilitupatia karatasi yenye maneno mbili, “Soins: 640 $”. Mbili tu. Tukatuma, ikarudi. Tukarudia kliniki, mwenye kese amebadilika, dokta amesafiri, tukazunguka wiki tano. Tangu siku ile minachapa mimi mwenyewe modeli ya faktire, mama mudogo anaibeba ndani ya sakoshi, anamupa mwenye kese, anasema “papa, unijazie hii tafazali”, na wanajaza, hawakatalagi. Ukilipa na franga, waandike na bei ya dola ya siku ile. Na kama ulitoa pesa benki juu ya kulipa opitali, uchunge ile karatasi ya benki, inasaidia kuonyesha kama kweli ulilipa.

Dawa ni namna moja: ordonansi, resi ya farmasi yenye jina ya dawa na kiasi. Zile vidonge vya kununua kwa mukeka pale soko bila ordonansi, sahau. Mufumu pia, hata kama alikuponyesha kabisa, hana faktire. Meno haiko ndani ya TRICARE, retrete anakamata asiranse ya meno pembeni kupitia FEDVIP, mpango ingine ya serikali ya Marekani, kama anataka.

Kama bibi anatumika kampuni ya mine yenye kutunza batumishi na jamaa zao, ile asiranse ya kazi inalipa kwanza, TRICARE inakuja nyuma kwa yenye kubakia. Ukificha na wakajua, watadai pesa yao.

Hatua ya 7: Kutuma na kurudishiwa

Fomulere ni DD 2642. Jaza, tia sinyatire, funga na faktire, resi, ordonansi. Kwa matunzo ya inje ya Marekani muko na miaka 3 tangu siku ya matunzo, ndani ya Marekani ni mwaka 1 tu. Miaka 3 inaonekana mingi, lakini ule mama wa Likasi na mufuko ya sukari, faktire zake zingine wino ya mashini ilikuwa imefutika, karatasi nyeupe kabisa. Ufanye skana siku ile ile. Unaweza kutuma kwa posta ao kwa intaneti, mimi minapenda intaneti, juu barua ya posta kutoka Lubumbashi ni kama sala. Na pesa waitume kwa konti ya benki ya Marekani ya bwana, sheki ya karatasi huku itakuzeesha.

Hesabu inaenda hivi, kwa retrete mwenye aliingia jeshi mbele ya 2018. Kila mwaka dola 150 za kwanza za mutu mumoja ni zako, kwa jamaa 300. Kisha yenye kubakia unalipa robo, wao banarudisha robo tatu. Mufano mama mudogo alifanya skaneri na madokta kwa dola 950 bila kulala opitali: toa 150, inabakia 800, robo ni 200, akarudishiwa 600. For Life huku inaenda kwa hesabu ile ile, juu Medicare haimo. Na kuna plafo: ukiisha kutoa dola 3,000 kwa mwaka kwa For Life, wao banalipa yenye kufuata yote yenye inakubalika. Kwa Select ilikuwa 3,500 mwaka 2021 na inapanda.

Zambia, Afrika ya Kusini, India, ukitunziwa kule unatuma vile vile, hakuna mupaka wa inchi. Lakini kusafirisha mugonjwa na ndege ni kitu ingine: upigie International SOS kwanza, njo benye kusimamia TRICARE ya inje, juu ndege wanakubali paka kama ni lazima ya kidokta na mupaka opitali ya karibu yenye kuweza, haiko ile yenye mutoto wako iko anaishi. Na ukipiga simu Marekani kwa biro zingine, kumbuka saa 8 ya asubui ya Washington ni saa 2 ao saa 3 mchana yetu, hesabu ya kizungu, kufuatana na msimu.

Mukiachana, ao bwana akikufa

Kuachana: bibi anabakia na TRICARE kama ndoa ilifanya miaka 20, jeshi miaka 20, na miaka 20 ya ndoa ilikuwa ndani ya ile ya jeshi. Kama zilikutana miaka 15, anapata mwaka mumoja tu. Chini ya pale hapana.

Kifo: mujane anabakia nayo, bora asiolewe tena. Akiolewa imekwisha, hata ndoa ya pili ikivunjika hairudi. Mupeleke akti ya kifo kwa DEERS haraka, na mupange malipo ya Select ao ya B, juu pansyoni ya bwana inakatika siku ile anakufa isipokuwa alichaguaga ile ya kuachia bibi, inaitwa SBP. Muulize bwana leo kama aliichagua, hapana siku ya matanga.

Na tunajua vile inakuaka kwetu kwenye matanga, jamaa ya bwana wanafika na sanduku ya makaratasi inapotea mbele ya maiti kutoka morgi. Ufanye fotokopi ya akti ya ndoa, ya DEERS, ya pasiporti, ya Medicare, ya karatasi yake ya kutoka jeshi yenye kuitwa DD 214, uweke kwa dada yako, wa tumbo moja na wewe, haiko shemeji. Ukikuja kwangu ile ya dada minakufanyia bei ya batoto ba masomo.